Hivi wanaume wa miaka ya 1850 walivaa mkanda wa suruali, au filamu zinatudanganya?

#1 FundiWaDarajani
Wakuu, salaam.

Naomba tuelimishane. Kuna kikundi cha maigizo hapa Unguja kinaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu wafanyabiashara wa Kimarekani kutoka Salem, Massachusetts, waliokuwa wakija kwetu enzi za Sayyid Said kuchukua pembe, sandarusi na karafuu na kutuletea merikani, yaani kitambaa cha pamba. Mchezo umewekwa mwanzoni mwa miaka ya 1850. Mimi ndiye ninayeshona nguo.

Mwongozaji anataka kila Mmarekani avae suruali yenye vitanzi kiunoni, mkanda mpana wa ngozi, bizimu linang'aa mbele. Nimemkatalia. Ninavyojua mimi, suruali za wakati ule zilishikiliwa na saspenda, ile mikanda miwili inayopita mabegani. Yeye anasema ameangalia filamu chungu nzima na kila mtu ana mkanda.

Nani yuko sahihi? Mwenye picha, kitabu au nguo yenyewe aje nayo. Sitaki kushona nguo ishirini halafu zifumuliwe.

#2 MtiMkavu
Nimeshavuta kiti. Ila mkuu, huyo mwongozaji anachanganya mkanda wa bastola na mkanda wa suruali. Ule wa makauboi unaning'inia chini ya kiuno, umeelemea upande mmoja kwa uzito wa chuma. Ukiuachia na kazi ya kushika suruali, vinashuka vyote viwili mbele ya kadamnasi.

#3 Mwana_Gikomba
Mnamwonea mwongozaji wa watu bure. Wachimba dhahabu wa California mwaka 1849 walivaa jinsi za Levi's. Jinsi bila mkanda ni nini? Miaka ni ileile anayoitaka. Kesi imefungwa, uzi ufungwe.

#4 Nyaraka_Zetu
Kesi ifunguliwe upya. Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis wa Reno, Nevada, walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya suruali zenye ribiti (vijipini vya chuma vya kuimarisha mishono) tarehe 20 Mei 1873. Hiyo ni karibu robo karne baada ya 1849. Wachimbaji wako wa mwanzo walishazeeka, walisharudi kwao au walishazikwa.

Halafu suruali hizo zilipotoka zilikuwa na vifungo vya saspenda kiunoni, na nyuma, juu ya makalio, kimkanda kidogo chenye bizimu cha kubana. Vitanzi vya mkanda viliongezwa 1922. Vifungo vya saspenda havikuondoka siku hiyo, viliendelea hadi 1937. Maana yake kwa miaka kumi na mitano kampuni iliacha vyote viwili, mnunuzi achague mwenyewe.

#5 Mwana_Gikomba
Hicho kimkanda cha nyuma nakijua kwa mikono yangu. Niliwahi kupata jinsi ya namna hiyo kwenye belo la mtumba: nyuma vipande viwili vya kitambaa vinakutana kwa kabizimu kenye meno mawili makali. Mteja wa kwanza aliyeigusa aliichukua bila kuvutana bei.

Sasa basi, kama suruali ilibanwa nyuma, saspenda ya nini na mkanda wa nini? Hoja yangu mpya: wengi hawakuvaa chochote. Walibana nyuma wakaenda zao.

#6 FundiWaDarajani
@Mwana_Gikomba haitoshi, na hapa naongea kama mshonaji.

Suruali ya miaka hiyo kiuno chake kilikaa kitovuni au juu ya kitovu. Haikukaa kwenye nyonga kama za leo. Nyuma ilipanda zaidi ya mbele, na nyingi ziliishia kwa ncha mbili zilizoachana katikati kama mkia wa samaki. Vifungo sita: vinne mbele, viwili nyuma kwenye zile ncha. Makalio yalikatwa mapana sana ili mtu akae na apande farasi bila kuchana mshono.

Nimeshona moja ya majaribio na kumvisha kijana wangu wa dukani. Nikabana lile bizimu la nyuma peke yake: anasimama vizuri. Mwambie akae, ainuke, ainame kuokota kitu. Kila akiinuka kiuno kimeshuka kidogo, na hakirudi. Nikamfunga mkanda juu yake: kitambaa cha makalio kinakusanyika mafungu mafungu, mbele panavimba, na kizibao kikivaliwa juu kinakataa kulala. Nikamtia saspenda: kitambaa kimeshuka wima kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu, na akikaa akainuka kinarudi mahali pake.

Kuna jingine. Miaka ya 1830 na 1840 watanashati walivaa suruali yenye ugwe unaopita chini ya kiatu ili mguu ubaki umenyooka. Chini panavuta, kwa hiyo juu lazima pawe na kitu kinachovuta pia. Mkanda hauvuti kwenda juu, unabana tu. Hapo hakuna namna zaidi ya mabega.

#7 BintiWaMkunazini
Fundi, shukrani kwa somo. Nimesubiri mtu awataje wenyeji wa mchezo huo, naona hola.

Mwanamume wa Unguja wa wakati huo alikuwa na kikoi alichokikunja na kukisokota kiunoni, kikashika chenyewe. Juu kanzu. Akivaa suruali ya ndani, ilikuwa ya kamba inayopita kwenye upindo. Wakubwa wakavaa joho, na kiunoni mahazamu ambamo jambia lilichomekwa. Mahazamu hayo hayakushika suruali wala kikoi. Yalishika jambia, na yalimwonyesha mtu ni nani.

Ndipo nikasema: huenda na kwa hao Wamarekani mkanda ulikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kubeba. Kushika nguo ilikuwa kazi ya kitu kingine. Mwongozaji akiuliza "mkanda ulikuwepo?" jibu ni ndiyo. Akiuliza "ulishika suruali?" hapo ndipo ugomvi ulipo.

#8 AskariMstaafu
Binti amegusa penyewe.

Angalieni askari wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Karibu kila picha ina mkanda wa ngozi wenye bizimu la herufi US. Mtu anaona, anasema "si huo hapo mkanda wa suruali". Sasa tazama umevaliwa wapi: JUU ya koti. Suruali iko ndani kabisa, mkanda hauigusi. Umebeba kisanduku cha risasi, kimkoba cha fataki na ala ya singe. Suruali ya jeshi yenyewe ilikuwa na vifungo vya saspenda.

Nimevaa mkanda wa zana miaka mingi ya utumishi. Wenye kazi hiyo wanajua, mkanda wa zana ukijaa chupa ya maji na magazini unashuka wenyewe na kuvuta kila kilicho chini yake. Haumsaidii mtu kushika suruali, unampa kazi ya pili.

#9 MdadisiWaPicha
Wazee mnakwenda kasi. Ushahidi wenu wote ni nguo za heshima na nguo za jeshi.

Picha za kwanza, zile za bamba la shaba lililopakwa fedha, zilitangazwa Paris mwaka 1839. Kupigwa picha ilikuwa shughuli. Mtu alivaa koti lake bora na kizibao amekifunga vifungo vyote. Kiuno hakionekani! Ukiniletea picha mia za wanaume waliofunika kiuno, hujanithibitishia chochote kuhusu kilichokuwa kiunoni.

Lakini zipo picha za wachimba dhahabu wa California wa miaka ya 1850, wamesimama mtoni na sepetu na karai, mashati ya flaneli, hawana kizibao. Na kwenye baadhi yake mkanda unaonekana waziwazi, umepita juu ya suruali yenyewe. Hapo hakuna koti la kusingizia.

#10 AskariMstaafu
@MdadisiWaPicha na kwenye mikanda hiyo kuna nini? Kisu na bastola. Umenirudisha palepale.

#11 MdadisiWaPicha
Na kubeba kisu kunauzuia mkanda kushika suruali? Mkanda mmoja unaweza kufanya kazi mbili. Wewe umeniambia wa jeshi ulikuwa juu ya koti, nimekubali. Huu uko juu ya suruali. Ni vitu viwili tofauti, usivichanganye.

#12 NahodhaPangani
Habari za humu. Mmewasahau mabaharia, na Salem ni mji wa mabaharia.

Richard Henry Dana alikuwa kijana wa chuo aliyepanda merikebu kutoka Boston mwaka 1834 kama baharia wa kawaida, na kitabu chake kilitoka 1840. Anaeleza suruali ya baharia: inabana nyongani, kutoka hapo inaning'inia ndefu na pana hadi miguuni. Inabana NYONGANI. Sasa rudini kwa Fundi na kiuno chake cha kitovuni. Hii ni suruali nyingine kabisa, na mabaharia walijulikana kwayo hata wakiwa nchi kavu. Nyuma nyingi zilikuwa na kamba ya kukaza. Na kiunoni mkanda wenye ala ya kisu, maana melini bila kisu hufanyi kazi.

Mtu anayepanda mlingoti na kuinua mikono juu ya kichwa siku nzima, saspenda zitamkata mabega. Kwa hiyo Fundi, wafanyabiashara wako wape saspenda. Mabaharia wanaopakua marobota ya merikani, wape suruali ya nyongani na mkanda wa kisu.

#13 MtiMkavu
Nahodha kila uzi lazima autie chumvi ya bahari. Kule kwenye uzi wa magodoro napo ulitufikisha Mafia.

#14 NahodhaPangani
Na godoro ulinunua nililokuambia, Mti. Endelea kusoma.

#15 SomoLaUsiku
Nimesoma kuanzia juu. Mnasema "wanaume wa miaka ya 1850" halafu mnaongelea mfanyabiashara, askari, mchimbaji na baharia. Kuna mamilioni ya wanaume Marekani wakati huo ambao hawakuingia dukani kuchagua saspenda.

Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, aliandika mwaka 1845 mgao wa nguo wa mwaka mzima kwa watumwa wakubwa kwenye shamba la Kanali Lloyd: mashati mawili ya kitani kigumu, suruali moja ya kitani, koti moja, suruali moja ya kitambaa kizito cha baridi, soksi jozi moja na viatu jozi moja. Thamani yake yote, anasema, haikuzidi dola saba. Watoto wasioweza kufanya kazi shambani walipewa mashati mawili tu kwa mwaka. Suruali hawakupewa kabisa, na mashati yakichakaa walikaa uchi hadi mgao ujao.

Kwenye orodha hiyo hakuna saspenda, hakuna mkanda. Mtu aliyepewa suruali ya saizi ya kubahatisha aliishikiza kwa alichokipata, kamba au kipande cha kitambaa. Nguo za watu hawa zilivaliwa hadi zikaisha, hazikubaki za kuwekwa makumbusho. Tukijibu swali la Fundi kwa nguo zilizosalia peke yake, tunajibu kuhusu waliokuwa na nguo za kubakiza.

#16 NahodhaPangani
Umesema kweli tupu, na nikuongezee. Douglass alipotoroka mwaka 1838 alivaa kibaharia: shati jekundu, kofia ya lami, na tai nyeusi imefungwa kama wafungavyo mabaharia. Akapanda treni Baltimore kwa hati za baharia huru mweusi aliyemkopesha. Vazi lile lilisomeka kwa mbali kiasi cha kumpitisha mbele ya mkagua tiketi.

#17 MwanaWaMkonge
Mimi ni mgeni kwenye uzi huu, ila post ya SomoLaUsiku imenigusa. Babu yangu alikuwa mkata mkonge mashambani Korogwe enzi za Mwingereza. Kaptula zake zote alizishika kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe pajani, kwa kiganja, kisha akaifunga mafundo mawili mbele. Mkanda wa ngozi aliununua kwa ajili ya harusi, na baada ya hapo ulikuwa wa Jumapili na wa misiba.

Nikiona picha yake pekee iliyopo, ana mkanda. Mtu wa miaka mia ijayo ataapa kwamba wakata mkonge walivaa mikanda ya ngozi.

#18 MdadisiWaPicha
@MwanaWaMkonge pole na asante, hicho ndicho ninachokipigania tangu namba 9.

#19 Mchele_Mbeya
Mimi nilisoma mahali kwamba Mark Twain, yule mwandishi wa Kimarekani, ndiye aliyegundua saspenda. Kama ni hivyo, miaka ya 1850 hazikuwepo, Fundi umeliwa.

#20 Nyaraka_Zetu
@Mchele_Mbeya hapana. Twain, jina lake halisi Samuel Clemens, alipewa hataza namba 121,992 tarehe 19 Desemba 1871, na ilikuwa ya kimkanda cha kufungwa kwa vifungo ili kubana kizibao, suruali au nguo nyingine. Kilikuwa mbadala wa saspenda.

Saspenda ni za zamani zaidi. Albert Thurston alianza kuziuza London mwaka 1820, na biashara hiyo ingalipo. Wanawake wa enzi hizo waliwatarizia wachumba wao saspenda kwa nyuzi za sufu na hariri, maua na majina, kama zawadi. Nyingine zipo makumbusho hadi leo.

#21 DukaLaMpira
Mimi naona mnaangalia mavazi, hamuangalii biashara. Saspenda za mwanzo zilikuwa za kitambaa au ngozi, hazivutiki. Ukiinama zinakung'ata mabega au kifungo kinaruka. Charles Goodyear akapata hataza ya kuupika mpira kwa salfa mwaka 1844. Baada ya hapo mpira haukuyeyuka kwenye joto wala kukatika kwenye baridi, ukaweza kufumwa ndani ya utepe. Mji wa Easthampton, Massachusetts, ukawa na viwanda vya vifungo na vya saspenda za mpira. Jimbo lilelile la Salem!

Kwa hiyo saspenda za miaka ya 1850 zilishinda kwa sababu zilikuwa bidhaa mpya, nzuri na rahisi kupatikana. Mkanda haukuwa na mtu wa kuupigia debe. Siyo suala la kitovu wala makalio.

#22 FundiWaDarajani
@DukaLaMpira mpira ulizifanya ziwe rahisi kuvaa, sikatai. Ila zilishavaliwa nchi mbili nzima kabla ya mpira. Wanaume waliokubali kung'atwa mabega miaka ishirini na zaidi walikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mkato wa suruali. Ukibadilisha mkato kwanza, ndipo mkanda unapata pa kukaa.

#23 DukaLaMpira
Au mkanda unakuja kwanza halafu fundi anashusha mkato. Mafundi hufuata wateja.

#24 MtiMkavu
Aliyesema mafundi hufuata wateja hajawahi kusubiri suruali ya Idi.

#25 Mswahili_Leicester
Salaam kutoka baridi. Mbona hakuna aliyetaja michezo?

Huku Uingereza wacheza kriketi wa miaka ya 1850 na 1860 walivaa mikanda, na ilionekana hasa. Kulikuwa na mabizimu yenye picha ya mpiga kriketi na magongo yake, na kulikuwa na yale ya nyoka, herufi S ya shaba inayoingia pande mbili. Ya nyoka walivaa na watoto wa kiume. Marekani nako wacheza besiboli wa miaka ya 1860 walikuwa na mikanda mipana, na vikosi vya zimamoto vya kujitolea vilivaa mikanda ya ngozi yenye jina la kikosi chao.

Nadhani sababu ni adabu. Saspenda zilihesabiwa kama nguo ya ndani. Mwanamume wa heshima hakubaki na shati na saspenda mbele ya wanawake. Ukivua koti na kizibao ili urushe mpira, saspenda zinakuwa wazi. Basi unazivua nazo, unafunga mkanda. Huu ni mkanda unaoshika suruali, mkuu AskariMstaafu. Haubebi risasi wala kisu, na mvaaji anakimbia nao mbele ya watazamaji.

#26 AskariMstaafu
Huo wa kriketi naupokea, umekaa vizuri. Lakini huenda ulikuwa pambo la timu. Rangi, bizimu, jina. Suruali inaweza kuwa imebanwa kwa lile bizimu la nyuma na mkanda ukapita juu yake.

#27 Mswahili_Leicester
Akimbie kati ya magongo mara thelathini kwa kubanwa nyuma tu? Fundi mwenyewe namba 6 amesema kukaa na kuinuka kulitosha kuishusha.

#28 FundiWaDarajani
Nimesema, na nasimamia. Ila mcheza kriketi hakai kitako. Nitamkimbiza kijana wangu uani kesho tuone.

#29 BintiWaMkunazini
Mwache mtoto wa watu apumzike jamani.

Hoja ya adabu ya Leicester ina nguvu. Mnamkumbuka Livingstone alipokutana na Stanley Ujiji, Novemba 1871? Stanley anamwelezea: kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliofifia, kizibao chekundu chenye mikono, suruali ya kijivu ya sufu. Mzee mgonjwa, mizigo yake imeibwa, yuko kando ya Ziwa Tanganyika kwenye joto, na bado kizibao kimo. Chini ya kizibao kile kulikuwa na nini? Stanley hakuandika. Hakukuwa na sababu ya mtu kuangalia hapo.

#30 Mwana_Gikomba
Narudi na silaha mpya. Meli SS Central America ilizama kwenye tufani Septemba 1857, ikitoka Panama kwenda New York na dhahabu ya California, watu zaidi ya 400 wakafa. Sanduku la abiria mmoja liliopolewa chini ya bahari na ndani yake mkawa na suruali ya kazi ya mchimbaji. Desemba 2022 ikauzwa mnadani Reno kwa dola 114,000. Nguo ya 1857, haina kubahatisha tarehe! Wapo wanaosema ni ya Levi Strauss kabla ya hataza.

#31 Nyaraka_Zetu
Na mwanahistoria wa kampuni yenyewe alisema si yao. Haina ribiti, na hataza ilikuwa bado miaka kumi na sita mbele. Ilichonacho ni vifungo vitano mbele. Ila nakubaliana na wewe kwa moja: nguo ya kazi iliyofungiwa sandukuni siku inayojulikana ina uzito kuliko picha kumi za studio. Zingekuwepo hamsini za namna hiyo, uzi huu ungekuwa na kurasa chache.

#32 SomoLaUsiku
Hata hiyo, mwenye sanduku alikuwa abiria anayerudi kwao na dhahabu.

#33 Mchele_Mbeya
Sasa mkanda ulishinda lini? Maana leo saspenda nazionea kwa bwana harusi tu.

#34 AskariMstaafu
Vita Kuu ya Kwanza. Vijana mamilioni walivalishwa sare wakazoea mkanda, wakarudi nyumbani hawataki tena mambo ya mabegani.

#35 Mswahili_Leicester
Kizibao. Kilipoanza kuachwa, saspenda zilibaki hazina pa kujificha. Vita viliongeza kasi tu, jambo lilishaanza viwanjani.

#36 DukaLaMpira
Nguo za dukani za saizi moja kwa watu wengi. Suruali ya fundi inakutosha, ya dukani unaikaza. Kifaa cha kukazia kiuno ni mkanda.

#37 FundiWaDarajani
Kama ni kukaza, lile bizimu la nyuma lilikaza bila mkanda, na Levi's hawakulitoa hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walipobana matumizi ya vyuma na kitambaa. Kwa hiyo jibu lako DukaLaMpira halitoshi.

#38 MtiMkavu
Na vijana wa mlegezo tuwaweke kundi gani? Wana mkanda, suruali iko magotini.

#39 BintiWaMkunazini
Waweke kundi la pambo, pamoja na kriketi ya mzee Askari.

#40 MdadisiWaPicha
Kabla hamjapotea kabisa. Fundi, ukiwavisha hao mabaharia wa Nahodha, mkanda usipite kwenye vitanzi. Vitanzi ndivyo ambavyo hakuna hata mmoja humu aliyeleta ushahidi wake kwa miaka ya 1850. Mikanda tumeiona. Saspenda tumeziona. Mkanda uzunguke juu ya kitambaa kitupu.

#41 NahodhaPangani
Na bizimu lisiwe kubwa. Baharia anayelalia tumbo kwenye boriti ya tanga akiwa na sahani ya shaba kitovuni ataitupa baharini siku ya kwanza. Mimi ningelisogeza ubavuni, karibu na kisu.

#42 AskariMstaafu
Ubavuni litagongana na ala. Weka nyuma.

#43 NahodhaPangani
Mzee wangu, nyuma atalifikiaje akitaka kuvua haraka ameanguka majini? Ubavu wa kushoto, kisu kulia.